Kazi Isiyongoja Waraka

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza ifikapo 1985, na kwamba vyuo vikuu vifuate ifikapo 1992. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye mvi. Yeye alifundishwa sekondari kwa Kiingereza, watoto wake wamefundishwa kwa Kiingereza, na dalili zote zaonyesha kwamba wajukuu wake nao watakutana na fizikia kwa lugha wanayoisikia darasani tu.

Sikusudii leo kurudia hoja za lugha ya kufundishia. Msomaji wangu anazijua, na anayezipinga anazijua vilevile. Kinachonishughulisha ni watu: wale walioshika jambo hili wakiwa vijana, serikali ikakataa, nao wakaendelea; na wale walioanza pamoja nao, wengine kwa kelele kubwa zaidi, wakaachia njiani. Wanafunzi na vijana wa asasi za kiraia huniuliza ni kwa namna gani mtu hudumisha ari katika dai ambalo huenda likamaliza maisha yake, liwe la katiba, la ardhi ya kijiji au la haki za wafanyakazi wa nyumbani. Watumishi wa umma huuliza swali hilohilo kwa sauti ya chini. Majibu wanayopewa katika warsha yanafahamika: amini ndoto yako, usikate tamaa, mvumilivu hula mbivu. Naona majibu hayo yana madhara, kwa kuwa humfanya mtu aliyechoka adhani kwamba amepungukiwa na imani, ilhali huenda kilichomchosha ni namna kazi yake ilivyopangwa.

Tuitazame historia yenyewe. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilishika shule za msingi za serikali kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, ulieleza nia ya kukipandisha hadi sekondari, na somo la Siasa likaanza kufundishwa kwa Kiswahili. Kijana wa miaka 25 wakati huo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba jambo limekwisha na kwamba kilichobaki ni utekelezaji. Mwaka 1978 ukachapishwa utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, uliofanywa kwa ajili ya BAKITA, ukionyesha kwamba mwanafunzi aliyeshindwa kujieleza alipoulizwa kwa Kiingereza aliweza kujibu vizuri alipoulizwa jambo lilelile kwa Kiswahili. Kisha ikaja ripoti ya Makweta. Kisha serikali ikasema hapana.

Hapana hiyo haikutoka kwa maadui wa lugha. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mwenyewe alisimama upande wa kubakiza Kiingereza sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuja kupima hali ya Kiingereza shuleni, wakakuta kiwango ni cha chini mno kiasi kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Kilichofuata ni mradi wa kuimarisha Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza.

Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo ilithibitisha Kiingereza kuwa lugha ya sekondari. Miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni, iliyotoka katika wizara ileile, iliahidi mpango maalumu wa kuwezesha elimu itolewe kwa Kiswahili katika ngazi zote. Mpango huo hatukuuona. Februari 2015 ikazinduliwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyofungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote. Watu walipongezana, magazeti yakaandika, lakini mitaala, vitabu vilivyoidhinishwa na mitihani ya taifa vikabaki kama vilivyokuwa.

Hesabu sasa. 1969, 1982, 1997, 2015: mara nne matumaini yalipandishwa na mara nne yakashushwa. Mtu aliyefunga ari yake kwenye uamuzi wa serikali alivunjika mara nne, na sioni ni hotuba gani ingemwinua baada ya mara ya pili. Nimewafahamu watu wa namna hiyo. Hawakuwa dhaifu wala wasaliti. Walikuwa wamejipangia kazi moja tu, nayo ni kushawishi wakubwa, na wakubwa waliposema hapana hawakuwa na cha kufanya Jumatatu asubuhi.

Sasa linganisha na kundi jingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930 ikiwa chombo cha wakoloni, kikiongozwa na Waingereza. Mwaka 1939 ilitoka kamusi ya Kiswahili iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Mwaka 1964 chombo hicho kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa taasisi ya uchunguzi, ile ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa jina la TUKI. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na taasisi hiyo ilichapishwa mwaka 1981. Kati ya 1964 na 1981 ni miaka 17. Ni miaka ya kukusanya maneno, kubishania fasili, kutupa kurasa na kuanza upya, kazi ambayo haina makofi na ambayo mpita njia akiitazama hawezi kueleza leo imesogea wapi kuliko jana.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kilichotokea baada ya hapana. Mwaka 1990, wakati serikali ilikuwa imekwisha kukataa fizikia isifundishwe kwa Kiswahili, TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Fikiria ofisi ya watu wanaotunga istilahi za somo ambalo wameambiwa rasmi halitafundishwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1996 ikatoka kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1999 ikatoka kamusi ya sheria, ilhali katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hukumu zilikuwa zinaandikwa kwa Kiingereza. Watu hawa hawakuwa na ari kubwa kuliko wale wa kundi la kwanza. Walikuwa na kazi ambayo matunda yake hayakungoja idhini ya mtu. Neno likishapatikana limepatikana; waziri hawezi kulifuta. Mtunzi wa istilahi aliyemaliza herufi moja mwezi Machi alijua amemaliza, hata kama Aprili ilileta hotuba ya kuvunja moyo.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Ari ya safari ndefu haitunzwi moyoni kama mshumaa unaolindwa na upepo. Huzalishwa upya kila juma na kazi yenye mwisho unaoonekana, ambayo mfanyaji anaweza kuimaliza kwa mikono yake mwenyewe na ambayo itabaki na manufaa hata lengo kuu likicheleweshwa. Anayetaka kujua kama ataweza kudumu, asiupime moyo wake. Aitazame orodha ya kazi zake za mwezi huu na ajiulize ni ngapi zinaweza kukamilika bila mkubwa yeyote kubadili mawazo. Kama jibu ni sifuri, atachoka, hata awe shujaa.

Faida ya kazi ya namna hiyo si kumtuliza mfanyaji tu. Milango ya siasa hufunguka ghafla, kwa sababu ambazo wapigania haki hawazipangi. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu aliandika uamuzi kwa Kiswahili. Tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria, Rais Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Kabla ya mwezi huo kwisha, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jambo lililoonekana haliwezekani kwa miongo kadhaa liliwezekana ndani ya majuma machache. Mtu anaweza kusema, basi kazi yote ya awali ilikuwa ya nini, kama mwisho wa yote ni utashi wa mtu mmoja? Jibu ni kwamba hakimu aliyetakiwa kuandika kwa Kiswahili kesho yake alihitaji maneno, na maneno hayatungwi kwa majuma machache. Palikuwa na kamusi ya mwaka 1999. Palikuwa na uzoefu wa Mahakama za Mwanzo, ambako Kiswahili kimeendesha mashauri kwa miaka mingi bila mtu kuupigia tarumbeta. Hata hivyo sheria nyingi zilikuwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuzitafsiri ikageuka kuwa mzigo mzito, mzigo ambao ungekuwa mwepesi kama wengi zaidi wangeuanza wakati mlango ungali umefungwa.

Ukiulinganisha mlango huo na ule wa elimu wa mwaka 2015, funzo ni chungu kidogo. Sera iliruhusu, lakini mwanafunzi wa sekondari haongozwi na sera. Huongozwa na mtihani. Mwalimu hufundisha lugha itakayoulizwa Kidato cha Pili na cha Nne, na mzazi hununua kitabu kitakachomvusha mwanawe. Istilahi zilikuwapo tangu 1990, lakini kati ya istilahi na karatasi ya mtihani kuna kazi nyingi: muhtasari wa somo, kiongozi cha mwalimu, benki ya maswali, mwongozo wa kusahihisha. Sisi wa vyuo vikuu tulipenda zaidi kufanya kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ni utafiti wa kuthibitisha kilichokwisha kuthibitishwa. Mlama na Matteru walisema mwaka 1978. Criper na Dodd, ambao hawakuwa na sababu ya kukipendelea Kiswahili, walisema mwaka 1984. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walisema kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1997. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuzihusisha Tanzania na Afrika Kusini, ulisema tena, ingawa kwa haki nikiri kwamba mradi huo ulikwenda mbele zaidi kwa kuandaa na kufundisha vipindi halisi vya sekondari kwa Kiswahili. Tangu hapo sijui ni tasnifu ngapi za umahiri nimezisoma zinazohitimisha kwamba mwanafunzi huelewa zaidi kwa lugha anayoifahamu. Ni hitimisho sahihi. Ni sahihi kama kusema maji hulowanisha. Tasnifu ya 40 juu ya jambo hilo haimsaidii mwanafunzi, lakini inampa mwandishi hisia ya kuwa katika mapambano, na hapo ndipo hatari ilipo: kuna ari ya bandia, inayodumishwa kwa kurudia kazi salama tunayoimudu badala ya kuigusa ile tunayoiogopa.

Kuna na ari ya sherehe. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Mwaka 2019 SADC ilikifanya kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nayafurahia haya yote, na kila mwaka huvaa shati la kitenge nikaenda kwenye kongamano kama wenzangu. Lakini yanatupa shangwe pasipo kutudai chochote, na shangwe isiyodai kitu huisha kabla ya chai ya saa nne. Mwanaharakati anayeishi kwa ushindi wa mbali hujikuta hawezi kustahimili wiki ya kawaida isiyo na ushindi, na wiki nyingi ni za kawaida.

Nitaje pia fedha, kwa kuwa wasemaji wa hamasa huzikwepa. Mradi wa ufadhili huishi miaka mitatu au minne. Lengo la aina hii huishi miaka hamsini. Nimeona vikundi vya vijana wenye akili nyingi vikisambaa mwezi uleule ambao akaunti imefungwa, na watu wakasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo walikuwa nao, lakini kila kitu walichokijenga, kuanzia ofisi hadi mikutano, kilikuwa cha gharama isiyoweza kubebwa na wao wenyewe. Tulipokwisha kuzoea kwamba hakuna kikao bila posho, tulijifungia wenyewe njia ya kuendelea bila mfadhili. Sisemi watu wafanye kazi bure. Mwenye kodi ya nyumba halipi kwa uzalendo. Nasema kila harakati iwe na sehemu yake moja, hata iwe ndogo, inayoweza kuendelea kwa watu watano, daftari na jioni ya Alhamisi.

Kwa watumishi wa umma hali ni tofauti, na nadhani kwa namna fulani ni nzuri zaidi. Afisa wa wizara hawezi kuandamana wala kuandika gazetini anavyotaka. Anaweza kuhamishwa kutoka Dodoma kwenda mkoa asioutarajia kwa barua ya aya mbili. Lakini ana kitu ambacho mwanaharakati hana, nacho ni jalada. Dokezo lililoandikwa vizuri, lenye hoja, gharama na hatua za utekelezaji, likawekwa mahali pake, humngoja waziri ajaye hata kama wa sasa ameliandikia kwamba lisubiri. Naamini sehemu ya Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliyoikaidi sera ya wizara hiyohiyo ya mwaka 1995 ilitokana na mtu au watu ndani ya ofisi waliokataa kuliacha jambo lipotee kwenye kumbukumbu. Hatuwajui kwa majina. Sentensi yao ilinukuliwa na wanazuoni kwa miaka mingi baadaye, na serikali ilipoulizwa ilikuwa vigumu kwake kusema haijawahi kuahidi.

Pamoja na haya yote lipo swali ambalo mtu mwaminifu hana budi kujiuliza: je, tunadumu au tumekuwa wakaidi tu? Uvumilivu na ukaidi hufanana sana kwa nje. Njia pekee ninayoijua ya kuvitofautisha ni kumsikiliza anayepinga na kuona kama bado tuna la kumjibu. Mpinzani wetu mkubwa siku hizi si Mwingereza. Ni mama anayeuza vitumbua na kulipa ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza, kwa sababu ameona nani huitwa kwenye usaili wa kazi na nani haitwi. Ukimwambia habari za utamaduni na utambulisho atakutazama kwa huruma. Anajua pia, maana watu wanaonana, kwamba watoto wa wahadhiri wanaotetea Kiswahili kwenye makongamano wanashuka kwenye basi lilelile la njano la shule anayoisomesha mwanawe. Kama hatuna jibu la usaili wa kazi, na kama hatuwezi kumwonyesha kwamba Kiingereza kitafundishwa vizuri zaidi kikiwa somo lenye walimu hodari kuliko kikiwa kizuizi cha masomo yote, basi tunachokiita uvumilivu ni mazoea. Mimi naamini jibu hilo lipo. Siamini kwamba tumemfikishia.

Jambo hili linahusu pia namna tunavyowapokea wanaoingia sasa. Kijana akija na ari yake tunamkabidhi historia ndefu ya kukataliwa, kisha tunashangaa anapotoweka baada ya miezi sita. Afadhali angekabidhiwa kipande cha kazi chenye ukubwa wa mtu mmoja. Waliokuwa kwenye Kamati ya Lugha mwaka 1930 hawakuiona kamusi ya 1981. Wengi wao hata hawakuitaka Tanzania iliyoitoa. Kazi ilipita mikononi mwa watu ambao hawakukubaliana juu ya siasa, dola wala dini, kwa sababu ilikuwa imegawanyika katika vipande vinavyopokeleka.

Muhula huu semina yangu ya Ijumaa imechukua karatasi moja ya Jiografia ya Kidato cha Pili. Wanafunzi kumi na wawili wanaandika maswali yake upya kwa Kiswahili, si kuyatafsiri neno kwa neno, pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Hakuna aliyetuagiza. Sehemu ya ramani imetushika majuma mawili: kontua tunayo, mizani ya ramani ina mabishano, na mteremko mmoja wao anasisitiza kwamba si sawa na mwinamo, na ameleta mfano wa barabara za kwao Lushoto kuthibitisha. Ijumaa ijayo tunaanza hali ya hewa. Mwenye karatasi za kemia za miaka iliyopita na asiye na shughuli jioni, mlango uko wazi kuanzia saa tisa.